Mgonjwa Haulizwi Uji, Lakini Mpishi Wake Aelezwe

WAHENGA walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Methali hii nimeifundisha darasani kwa miaka mingi, nikiwaeleza wanafunzi wangu kwamba mtu aliye na shida iliyo dhahiri hangojewi aseme ndipo asaidiwe. Wanafunzi wameinakili madaftarini, wameitungia insha, na baadhi yao wameipatia alama nzuri. Hata hivyo, mimi mwenyewe sikuwa nimeielewa barabara hadi Oktoba 2023, nilipolala nyumbani kwangu mjini Garissa mataya yakiwa yamefungwa pamoja kwa nyaya, nikawa mgonjwa ambaye hata akiulizwa uji hana kinywa cha kujibia.

Katika hali hiyo ndipo nilipotambua kwamba methali ile ina upande wa pili ambao hatuufundishi. Ikiwa mgonjwa haulizwi uji, basi mzigo wote umo mikononi mwa anayeupika. Ni yeye atakayeamua uwe mzito au mwepesi, wa moto au wa vuguvugu, unywewe kwa kikombe au kwa mrija, na mgonjwa alazwe chali au aegemezwe. Mpishi huyo akikosea, mgonjwa hana kauli. Nami nasema bila kuumauma maneno kwamba katika nchi yetu mpishi huyo haelezwi. Upasuaji huchukua saa chache mikononi mwa wataalamu. Kupona huchukua wiki nyingi mikononi mwa mke, mume, mama, mtoto na jirani, ambao aghalabu hukabidhiwa mgonjwa pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa lugha wasiyoielewa vyema.

Ajali yenyewe haikuwa ya kuhadithiwa sana. Nilikuwa nimepanda pikipiki ya abiria, hizi tuziitazo bodaboda, nikirudi nyumbani kutoka shuleni. Dereva alimkwepa punda aliyekuwa akivuta mkokoteni wa maji, gurudumu likaingia shimoni, nami nikaanguka kwa kidevu. Sikuwa nimevaa kofia ngumu, na hilo ni kosa langu mwenyewe ambalo sitamsingizia punda wala dereva. Taya la chini lilivunjika mahali pawili. Baada ya huduma ya kwanza nilipelekwa Nairobi, ambako nilifanyiwa upasuaji katikati ya mwezi huo, wiki chache tu kabla ya watahiniwa wangu wa kidato cha nne kuufanya mtihani wa KCSE.

Kwa manufaa ya msomaji asiyejua, taya lililovunjika huungwa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kukifungua kidonda na kutia vibamba vidogo vya madini ya titani vinavyokazwa kwa skrubu. Ya pili, ambayo ni nafuu kwa gharama na ndiyo niliyofanyiwa mimi, ni kufunga vyuma vyembamba kwenye meno ya juu na ya chini, kisha kuyabana mataya yote mawili kwa nyaya ili mfupa utulie na ujiunge. Muda wake kwa kawaida ni wiki nne hadi sita. Wazo la kuufunga mfupa huo kupitia meno si geni hata kidogo. Maandishi ya Kigiriki yanayonasibishwa na tabibu Hippocrates, yenye umri wa zaidi ya miaka 2,300, yanaeleza jinsi ya kuyafunga meno yaliyo kando ya ufa kwa uzi wa dhahabu au wa kitani ili taya lisitikisike. Tangu zama hizo, basi, imejulikana kwamba dawa ya taya ni utulivu. Ugumu ni kwamba taya likitulia, mwenyewe hatafuni, hapigi mwayo, wala hasemi kama watu wasemavyo.

Hospitali iliyonitibu sitaitaja. Madaktari wake walifanya kazi yao kwa ustadi, na wauguzi walinihudumia kwa upole. Lakini asubuhi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, mambo yalifanyika kwa haraka ambayo hadi leo hainiondoki akilini. Muuguzi alikuja kitandani na karatasi mbili zilizoandikwa kwa Kiingereza cha kitabibu, nyingi ya herufi zake zikiwa vifupisho, akanieleza mambo mengi kwa dakika tatu au nne. Alinieleza mimi, nisiyeweza kuuliza swali, hali mke wangu, aliyekuwa aniuguze, alikuwa kwenye foleni ya malipo. Nilikuwa bado na ulevi wa dawa za maumivu. Niliitikia kwa kichwa kila alilosema, kama mwanafunzi asiyetaka mwalimu ajue kwamba hakuelewa. Mwisho alinipa bahasha ndogo yenye koleo la kukatia waya, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mke wangu aliporudi na kuliona koleo lile, alidhani ni kifaa cha hospitali kinachopaswa kurudishwa siku ya kliniki. Akalitia sandukuni kwa uangalifu mkubwa ili lisipotee.

Kutoka Nairobi hadi Garissa ni safari ya kilomita zipatazo 370. Nilisafiri kwa basi nikiwa nimekaa wima, kitambaa mkononi cha kupangusia mate, kwa maana mdomo wangu wa chini ulikuwa na ganzi na sikuweza kujua lini yananitoka. Basi liliposimama Mwingi abiria wakateremka kula, nami nikabaki dirishani nikiitazama nyama ikichomwa. Tulipolivuka daraja la mto Tana jioni, joto la Garissa lilinipokea kama kawaida yake, na kila tuta la barabara lilikuwa limenieleza habari za taya langu kuliko alivyonieleza mtu yeyote.

Usiku ule wa kwanza nyumbani, kosa la kwanza likatendeka, na lilitendwa kwa mapenzi. Uso ulikuwa umevimba, na jirani yetu mmoja, mama mzee wa Kisomali ambaye mtaa mzima humwita Ayeeyo, yaani nyanya, alikuja na kitambaa na maji ya moto ili anikande. Ni dawa ya mababu, na kwa michubuko mingi ina faida yake. Lakini upasuaji wangu ulikuwa haujatimiza hata siku mbili, na saa 48 za mwanzo ni za barafu, si za moto. Uso ukaanza kupwita. Kesho yake nilijitazama kwenye kioo nikamwona mtu nisiyemjua, mwenye mashavu kama maboga na macho yaliyomezwa na nyama. Mtoto wangu mdogo alisimama mlangoni akakataa kuingia. Mke wangu alilia, akiamini kwamba kidonda kimeoza na kwamba tutarudi Nairobi usiku huohuo. La kusikitisha ni kwamba karatasi ya hospitali ilieleza wazi kuwa uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha huanza kupungua wenyewe. Jibu la machozi yale lilikuwa juu ya meza, limekunjwa, chini ya chupa ya dawa.

Chakula nacho kilikuwa na mafunzo yake. Mtu aliyefungwa mataya hunywa tu, na akinywa kama alivyokuwa akila, yaani mara tatu kwa siku, atakonda hadi nguo zimkatae. Inampasa anywe kidogo kidogo kila baada ya saa mbili hivi, na kinywaji hicho kiwe na nguvu ndani yake: uji wa wimbi uliotiwa maziwa na mafuta kidogo, supu ya mbuzi iliyoenguliwa mafuta, dengu zilizosagwa na kuchujwa mara mbili, maji ya matunda, na maji matupu kwa wingi, hasa katika mji ambao mchana wake hufika digrii 36 na kupita. Chembe moja ya wali iliyoponyoka kwenye chujio ilitosha kunikwama kwenye nyaya na kunitesa nusu siku. Kila baada ya kunywa nilisukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, na nikajifunza kuyasugua meno kwa nje kwa mswaki wa mtoto. Midomo ilipasuka kwa joto hadi mke wangu akawa ananipaka mafuta kila saa. Hata hivyo, katika wiki sita nilipungua kilo saba.

Ni katika suala la chakula ndipo Ayeeyo aliponipa funzo kubwa la ualimu kuliko yote. Alileta maziwa ya ngamia, mabichi, yenye ile harufu ya moshi wa chombo ambayo wenyeji wa hapa huipenda, akasisitiza niyanywe vivyo hivyo kwa kuwa ukiyachemsha, alisema, unayaua. Mke wangu aliogopa kumkataza mtu mzima. Alasiri hiyo alikuwepo msichana mmoja wa kidato cha nne, mwanafunzi wangu, aliyekuja kuniletea madaftari ya darasa. Alimsalimu Ayeeyo kwa adabu zote, akaketi karibu yake, akamweleza kwa Kisomali kwamba maziwa mabichi huweza kuleta brusela, na akamkumbusha homa ya Bonde la Ufa iliyoua watu na mifugo hapa Garissa mwaka 2006 na 2007, wakati watu walipohimizwa wasinywe maziwa yasiyochemshwa. Akaongeza kwamba Mwalimu hawezi hata kutapika vizuri, kwa hiyo tumbo lake lisichezewe. Ayeeyo alisikiliza, akafikiri, akainuka akaenda jikoni kuyachemsha mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuna aliyeyachemsha maziwa yangu kwa bidii kumshinda.

Msomaji mpenzi, tafadhali tua kidogo hapo. Mara ngapi tumesikia ikisemwa kwamba watu wa Kaskazini Mashariki ni wakaidi, hawasikii la daktari? Bibi huyu hakuwa mkaidi. Alikuwa hajaelezwa, kwa lugha yake na kwa heshima inayomstahili. Alipoelezwa, alitenda.

Jioni ya siku ya nne, mwanangu wa kidato cha tatu alizichukua zile karatasi mbili, kamusi, na daftari la mazoezi. Sikumwagiza. Nadhani alichoshwa na kuona kila mtu akikisia. Aliandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko mkubwa, sentensi zisizozidi kumi na mbili. Nitazitaja chache: Baba alale ameegemezwa kwa mito, kichwa juu, asilale chali. Uvimbe utazidi hadi siku ya tatu, msiogope. Barafu siku mbili za kwanza, baadaye kitambaa cha vuguvugu. Dawa ya maumivu asinywe tumbo likiwa tupu. Akitapika, ainamishwe mbele, uso chini, matapishi yatoke kati ya meno na pembeni mwa mashavu, asilazwe. Koleo likae karibu naye saa zote. Akishindwa kabisa kupumua, kateni nyaya zilizosimama wima, zile zinazounganisha meno ya juu na ya chini, kisha mkimbizeni hospitali. Alipoisoma sentensi hiyo kwa sauti, mke wangu alishika kichwa. "Koleo!" akasema. "Mimi nimelifungia sandukuni."

Lilitolewa jioni hiyohiyo, likafungwa uzi na kutundikwa kwenye msumari kando ya kitanda changu. Na usiku uleule, mnamo saa nane, kichefuchefu kikanishika. Nilikuwa nimekunywa dawa kabla ya supu. Sijui kama nitaweza kumweleza mtu ambaye hayajamfika hofu ya kutaka kutapika hali kinywa hakifunguki. Mwili hufanya lile ulilozoea tangu utotoni, na mlango umefungwa kwa chuma. Nilirusha mikono. Mke wangu, kwa silika ya kila muuguzaji, alitaka kunilaza. Mwanangu akapiga kelele, "La, Mama! Ainame!" Akanishika kifua, akaniinamisha juu ya beseni, akaniambia polepole nipumue kwa pua. Kwa kuwa tumboni mlikuwa na majimaji tu, yalipita kati ya meno na nyuma ya magego, yakaisha. Koleo lilikuwa mkononi mwa mke wangu, mkono ukimtetemeka. Halikuhitajika. Lakini lau tukio lile lingetokea usiku mmoja kabla, koleo lingekuwa sandukuni, nami ningekuwa nimelazwa chali. Huenda makala haya yasingeandikwa.

Kabla ya kuingia katika shauri lenyewe, niseme neno juu ya kimya. Mwalimu huishi kwa sauti yake. Sauti niliyobaki nayo ilipita katikati ya meno kama mlio wa nyuki ndani ya chupa, na watu wa nyumbani tu ndio walioielewa. Wageni walikuja wengi, kwa maana kumzuru mgonjwa ni sunna na ni utu, na mji huu haukosi utu. Lakini wengi wao walimwuliza mke wangu, nikiwa hapo hapo nawatazama, "Analala? Anakula? Anasikia?" Kana kwamba aliyefungwa kinywa amefungwa na masikio. Nilikuwa na ubao mdogo na chaki, na niliandika: NASIKIA. Siku hizo nilimkumbuka kila mwanafunzi mwenye kigugumizi niliyewahi kumruka wakati wa kusoma kwa sauti kwa sababu kipindi kilikuwa kinaisha. Nawaomba radhi hapa hadharani. Ukimzuru mgonjwa asiyesema, zungumza naye yeye. Muulize maswali ya ndiyo na la. Na usikae sana, kwa sababu kukuitikia kwa kichwa kunamchosha.

Sasa nirudi kwenye hoja. Haki ninayoidai si mpya, na wala si ya hisani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na katika kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 8, inamtaka mhudumu wa afya ampe mgonjwa habari za hali yake na matibabu yake, na inapowezekana afanye hivyo kwa lugha anayoielewa mgonjwa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Maneno ni mazuri. Mwanya umo katika lile neno dogo, "inapowezekana". Nchini mwetu, likiachwa bila kusimamiwa, neno hilo hugeuka na kuwa "ikitokea". Isitoshe, sheria inamtaja mgonjwa mwenyewe, au mlezi wake ikiwa ni mtoto au hajiwezi. Je, mtu mzima aliyefungwa mataya, aliyelewa dawa, anajiweza au hajiwezi? Mimi nadhani anayestahili kuelezwa ni wote wawili: mgonjwa, na yule atakayemkorogea uji.

Yapo mahali jambo hili lingekuwa la usumbufu tu. Anayeishi karibu na hospitali ataikimbilia akibabaika. Huku kwetu halikomei kwenye usumbufu. Mandera i mbali na Nairobi kwa takriban kilomita 1,000. Hata sisi wa Garissa, tulio karibu zaidi, tulionjeshwa Novemba 2023, mvua kubwa za El Nino zilipoufurisha mto Tana na barabara ya Nairobi ikakatwa na maji karibu na Madogo. Abiria walivushwa kwa mashua ndipo wakapande magari upande wa pili. Yalirudi tena mafuriko mwezi Aprili 2024. Mimi mwenyewe siku yangu ya kliniki iliwadia katikati ya mafuriko yale ya kwanza, nikavuka kwa mashua nikiwa na nyaya kinywani na koleo shingoni, nikiomba Mungu chombo kisiyumbe nikashikwa na kichefuchefu. Mgonjwa wa namna hii hana daktari wa kumkimbilia usiku. Daktari wake ni ile karatasi. Ikiwa haisomeki, hana daktari.

Najua kuna watakaonijibu kwamba istilahi za kitabibu hazina Kiswahili. Hiyo ni hoja iliyochakaa. TUKI ilichapisha Kamusi ya Tiba mwaka 2003, na zaidi ya hayo, maagizo ya nyumbani hayahitaji istilahi nzito. Hakuna neno lililomshinda mwanangu katika sentensi zake kumi na mbili, naye hajasomea udaktari. Watasema tena kwamba wauguzi ni wachache na wana kazi nyingi. Hilo ni kweli, na nawahurumia. Lakini karatasi ikiandikwa mara moja kwa lugha nyepesi hutumika kwa wagonjwa elfu, na humpunguzia muuguzi maneno. Wengine watasema kwamba Kaskazini Mashariki Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili kwa wengi. Naam, basi karatasi iwe na upande wa Kiswahili na upande wa Kisomali. Kaunti za Garissa, Wajir na Mandera zimekuwa na mamlaka juu ya hospitali zao tangu ugatuzi uanze mwaka 2013. Kuwatafutia wagonjwa wanaorudi kutoka Nairobi mtu wa kuwasomea karatasi zao kwa Kisomali, walau kwa nusu saa, hakuhitaji jengo jipya wala mashine kutoka ng'ambo.

Hata hivyo, nisingependa kuishia kuilaumu serikali, kwa maana sisi walimu tuna sehemu yetu. Tunafundisha ufupisho kwa kutumia vifungu ambavyo mwanafunzi hatavikumbuka akitoka nje ya chumba cha mtihani. Kwa nini tusimpe, mara moja kwa muhula, karatasi halisi ya maagizo ya dawa, tukamwambia: "Ifupishe kwa Kiswahili ambacho nyanya yako ataelewa"? Hapo atajifunza ufupisho, tafsiri, uandishi wa maagizo na heshima kwa msomaji, vyote kwa pamoja. Wenzetu wa sayansi nao wawaonyeshe wanafunzi jinsi ya kumwegemeza mgonjwa, kumwinamisha anayetapika, na kutofautisha uvimbe wa kawaida na ule wenye usaha na homa, ambao huo ndio wa kukimbizwa hospitali.

Nanyi wanafunzi, hasa nyinyi wa huku kwetu ambao ndio wa kwanza katika nyumba zenu kushika kalamu, nawausia jambo moja. Siku mgonjwa akiletwa nyumbani, msingojee kuitwa. Ombeni ile karatasi. Isomeni yote, ile sehemu ya nyuma pia. Mahali msipoelewa, mwulizeni mwalimu au mhudumu wa zahanati, msikisie. Kisha waelezeni wakubwa wenu kwa upole, kama alivyofanya yule binti kwa Ayeeyo. Na mkipanda bodaboda, vaeni kofia ngumu, msije mkafundishwa methali kwa njia niliyofundishwa mimi.

Nyaya zilitolewa salama. Watahiniwa wangu walikuwa tayari wamekwisha kuufanya mtihani wao wa Kiswahili bila mimi. Ile karatasi ya mwanangu bado ipo. Imekopwa na nyumba mbili za jirani zilizopata wagonjwa wa namna hiyo, ikarudi na madoa ya supu. Karatasi ya hospitali haijaombwa na mtu yeyote. Ikiwa daftari la mvulana wa kidato cha tatu limeweza kuuguza mtaa, basi hospitali zetu, zenye wataalamu na mitambo ya kuchapishia, hazina udhuru. Mgonjwa na aendelee kutoulizwa uji. Lakini anayeukoroga, siku ile ile ya kumchukua mgonjwa wake, aketishwe, aelezwe kwa lugha yake, na aulizwe kama ameelewa.